Mwenzetu hakuwa mwoga: maneno juu ya trauma hapa Uvira

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanaharakati na vijana wa kartie, Uvira, tarehe 10 Oktoba 2025, Siku ya Afya ya Akili Duniani



Mmezoea tukiita watu ni juu ya barabara, maji, umeme ao usalama. Leo ni tofauti kidogo. Nimekuja kwanza kuomba msamaha, na kisha kuwaeleza kile nilichojifunza kwa kuchelewa.

Tuko na mwenzetu mmoja. Jina lake sitalitaja. Jana alisoma haya maneno yote na akanipa ruhusa, hata alifuta sehemu mbili, na hizo hamtazisikia. Huyu kijana alikuwa wa kwanza kufika kwenye mikutano, wa kwanza kushika jembe siku ya salongo. Februari mwaka huu, wakati Bukavu ilianguka na masasi yakaanza kulia huku kwetu kati ya watu waliopaswa kutulinda, yeye alikuwa bonde la Ruzizi kwa shangazi yake. Walikimbia pamoja na watu wengine, wakavuka mto Ruzizi, wakafika Rugombo, Burundi, kwenye ule uwanja wa mpira ambapo maelfu ya watu walilala nje wakinyeshewa. Kile alichokiona kabla ya kuvuka hajanieleza chote, na sikumuuliza.

Alirudi mwezi wa nne. Tukafurahi, tukampiga mabega, tukasema "mwenzetu amerudi, kazi iendelee." Lakini hakuwa yule tuliyemjua. Alikuwa anachelewa. Akifika anakaa karibu na mlango, macho nje. Ukimgusa kwa nyuma anaruka. Alikuwa anagombana kwa kitu kidogo, kisha anaenda bila kuaga.

Mwezi wa saba, sokoni Mulongwe, pikipiki ya motari mmoja ikapasua moshi, paa! Mwenzetu akajitupa chini nyuma ya magunia ya unga, mikono juu ya kichwa. Watu wakacheka. Mmoja akachukua video. Ile video ikafika hata kwenye kundi letu la WhatsApp. Na mimi ninayesimama mbele yenu nikaandika: "Mwanaharakati gani huyu anaogopa ekzosi?" Nikaweka na vile vichwa vitatu vya kucheka.

Siku ile ile akatoka kwenye kundi. Tukasema amechoka mapambano. Miezi miwili hakuna hata mmoja wetu aliyeenda kumuona. Ni mama yake ndiye alikuja kwangu, akasema: "Mwanangu, mwenzenu halalagi. Akilala anapiga makelele ya kuita shangazi yake. Nimempeleka kwenye maombi, wakafunga siku tatu, wakasema ni pepo. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema ni bangi. Ninyi mliosoma mnasema nini?"

Sisi tuliosoma hatukuwa na jibu. Nikaenda kuuliza. Nikakaa na muuguzi mmoja, nikakaa na msaidizi wa kisaikolojia, wale tunawaitaga APS, nikasoma. Na haya ndiyo nimekuja nayo.

Kile alicho nacho mwenzetu kina jina. Madaktari wanakiita stresi ya baada ya trauma. Neno trauma linatoka kwa Kigiriki, maana yake ni kidonda. Vita ya kwanza ya dunia, tangu 1914 mpaka 1918, askari wa Ulaya walirudi kutoka kwenye mahandaki wakitetemeka, wengine hawasemi, wengine wanalia wakisikia mlango umefungwa kwa nguvu. Baadhi yao waliitwa waoga. Wengine walipelekwa mbele ya kikosi na kupigwa risasi na jeshi lao wenyewe juu ya "woga." Ilibidi vita ya Vietnam ipite ndipo, mwaka 1980, madaktari wa akili wa Marekani waliandika ugonjwa huu kwenye kitabu chao kikubwa cha magonjwa. Kwa hiyo tusione haya sana kwamba hatukuelewa. Dunia nzima ilichelewa. Lakini leo ni 2025, na kuendelea kutoelewa ni kosa letu.

Sasa, mtu mwenye ugonjwa huu anaonekana namna gani? Shirika la Afya Duniani, OMS, linataja mambo matatu.

La kwanza: tukio linarudi. Si kukumbuka kwa kawaida, kama vile unavyokumbuka siku ya mtihani. Linarudi kama linatokea sasa hivi. Usiku ni ndoto mbaya. Mchana ni harufu ya baruti, sauti ya pikipiki, mwanamke mwenye kitambaa cha rangi ile ile, na ghafla mtu yuko kule tena, moyo unapiga, jasho linatoka. Pale sokoni mwenzetu hakuwa Mulongwe. Mwili wake ulikuwa kando ya Ruzizi.

La pili: mtu anakimbia kila kitu kinachomkumbusha. Hapiti ile barabara. Hataki kusikia habari. Hataki kuzungumza na waliokuwa naye siku ile. Anaacha kazi, anaacha kanisa, anaacha kundi. Sisi tunaita hiyo "kuuza mapambano."

La tatu: mwili unakaa macho saa zote kama hatari iko mlangoni. Kukaa karibu na mlango, kuruka ukiguswa, kulala nusu usingizi, hasira ya haraka.

Kisha ya tukio baya, karibu kila mtu anapata dalili hizi siku za kwanza. Hiyo si ugonjwa, ni mwili unajaribu kujilinda. Kama umeokoka mafuriko jana, leo ukitetemeka, wewe ni mzima. Ugonjwa ni pale wiki zinapita, mwezi unapita, dalili ziko pale pale, na mtu anashindwa kufanya kazi, kusoma, kuishi na watu wake. Kwa watoto inaonekana tofauti: mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anashika nguo ya mama hataki kuachana naye, ao anacheza mchezo mmoja tu kila siku, mchezo wa kuua na kukimbia.

Muuguzi alinieleza hivi kinachotokea kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Kuna sehemu nyingine ambayo kazi yake ni kuandika: hili lilitokea wapi, tarehe gani, na limekwisha. Siku ya kawaida zinafanya kazi pamoja. Siku ya kutisha kupita kiasi, kengele inalia kwa nguvu sana mpaka yule mwandishi anashindwa kuandika vizuri. Sauti, harufu, maumivu, vyote vinabaki, lakini bila tarehe wala mahali. Ndiyo maana miezi mitano kisha ya tukio, sauti moja inatosha, na kengele inalia kama siku ile. Hakuna mtu anayechagua hivyo. Ukimwambia "kuwa mwanaume" ni kama kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Na si kila mtu anagonjwa. OMS inasema duniani karibu watu 70 kwa 100 wanapitia tukio la kutisha katika maisha yao, lakini wanaopata ugonjwa huu kisha ya hapo ni karibu 6 kwa 100. Vita inapandisha hesabu hiyo: mahali penye mapigano, karibu mtu mmoja kwa watano anaishi na tatizo fulani la akili, ikiwemo hili. Waliobakwa wako kwenye hatari kubwa zaidi, na wanawake wanaugua kuliko wanaume. Lakini hata hapo, wengi wanapona bila dawa yoyote, juu walikuwa na watu karibu nao. Hilo neno mlishike: watu karibu nao. Kuachwa peke yako kisha ya tukio ni moja ya mambo yanayofanya kidonda kisipone. Na sisi ndicho tulifanya. Tulimuacha.

Sasa angalieni mji wetu. Mimi nilizaliwa kisha ya 1996, lakini wazazi wetu wanakumbuka mwezi wa kumi wa ule mwaka, vita ya AFDL ilipoanzia huku kwetu. Wanakumbuka 1998. Wanakumbuka Makobola, siku za mwisho za Desemba 1998 kuingia mwaka mpya, wakati familia nzima nzima zilimalizika. Katogota, Mei 2000. Gatumba, ng'ambo tu ya mpaka, tarehe 13 Agosti 2004, ambapo wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku ndani ya mahema yao. Mutarule, Juni 2014, watu zaidi ya 30.

Najua kuna wenye wanasikia majina haya wakaanza kupanga: hao ni wafu wetu, hao ni wafu wao. Naomba leo tusifanye hivyo. Mfuliiru, Mubembe, Muvira, Munyamulenge, Murundi, ubongo wao unapiga kengele namna moja. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda hakuwa anajua kabila la risasi. Na trauma ambayo hakuna mtu aliyeitunza inageuka haraka kuwa chakula cha wale wanaotafuta vijana wa kushika silaha. Ukimkuta kijana ambaye halali, ambaye kila mtu kwake ni adui, mpe bunduki na mtu wa kuchukia, atakufuata. Hiyo sisi hapa tumeiona.

Na si vita tu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka njiani. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibebwa. Ziwa nalo tangu pale limepanda, limeingia majumbani Kavimvira na Kalundu. Hata leo, mvua kubwa ikianza usiku, kuna mama huku Uvira ambaye anawaamsha watoto wote, anawavalisha viatu, wanakaa wamesimama mpaka asubuhi. Majirani wanasema anazidisha. Huyo mama hazidishi. Mvua ile ya 2020 haijaisha kichwani mwake.

Sasa kuna swali ambalo mwenzetu mwenyewe aliniuliza, na lilinishinda kwa siku kadhaa. Alisema: "Munasema stresi ya baada. Baada ya nini? Kamanyola iko hapa juu. Masasi yanalia kartie usiku. Nikiacha kuogopa, si ndiyo nitakufa?"

Ni swali la haki. Vitabu mingi viliandikwa kwa mtu aliyerudi nyumbani kwenye amani. Sisi hatujarudi popote. Yule APS alinijibu hivi: lengo si kumtoa mtu woga. Woga wenye akili unaokoa. Ukisikia silaha nzito, lala chini, hiyo ni akili. Lengo ni kurekebisha kengele ili ilie kwa bomu na isilie kwa ekzosi. Mtu ambaye kengele yake inalia saa 24 hajilindi vizuri: amechoka, halali, hawezi kutofautisha hatari ya kweli na kivuli. Siku hatari ya kweli inakuja, atakimbilia upande mbaya. Kwa hiyo hata katikati ya vita, kutibiwa ni kujilinda.

Je, kuna matibabu? Hapa nataka mnisikilize vizuri, juu ni habari njema na inatoka kwetu.

Mwaka 2013, jarida kubwa la kidaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa matokeo ya kazi iliyofanyika kwenye vijiji vya Kivu, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Kwenye vijiji fulani walikuwa na APS wa kuwapokea mmoja mmoja wanapohitaji. Lakini kwenye vijiji vya pili walipewa mikutano 12, mmoja wa peke yake na 11 ya kikundi, ambapo walijifunza kuangalia zile fikra zinazokwama kichwani. "Ni kosa langu." "Mimi ni uchafu." "Hakuna mtu wa kuamini tena." Kila fikra inawekwa mezani, inaulizwa: ni kweli? Nani alikuambia? Kuna ushahidi gani?

Mwanzoni, zaidi ya nusu yao walikuwa na huzuni ao wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Miezi sita kisha ya mikutano, kwenye vikundi vile walibaki 9 kwa 100. Kwenye vijiji vingine walibaki 42 kwa 100. Kwa trauma, matokeo yalifanana na hayo. Na sikilizeni: wengi wa wale mama hawakujua kusoma. Walishika masomo kwa kichwa. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa huku huku waliosoma kidogo sekondari na wakafundishwa. Na lugha zilizotumika ni Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kibembe na Kifuliiru. Kifuliiru! Lugha ya bibi yangu imetibu trauma, na matokeo yameandikwa kwenye jarida linalosomwa na madaktari wa dunia nzima. Asiniambie mtu tena kwamba haya ni mambo ya wazungu.

Kuna na njia nyingine, iliyojaribiwa kwa wakimbizi Uganda, kambi za Imvepi na Nakivale. Mtu anapewa kamba, anailaza chini, hiyo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka maua pale palipokuwa na furaha, mawe pale palipokuwa na maumivu. Kisha, siku kwa siku, na mtu aliyefundishwa, anasimulia maisha yote kwa mpangilio, mpaka lile jiwe linapata mahali pake: lilikuwa mwaka fulani, kabla yake kulikuwa na ua, na kisha yake nimeendelea kuishi. Unaona? Yule mwandishi wa kichwani anamaliza kazi aliyoshindwa siku ile. Nakivale, waliotoa matibabu walikuwa wakimbizi wenyewe, wamefundishwa wiki chache. Matokeo yalitoka 2008, na yalikuwa mazuri.

Lakini tofautisheni hiyo na kitu ambacho sisi wanaharakati tunafanyaga. Tukio linatokea asubuhi, saa sita tuko pale na simu: "Mama, tuelezee, walikuja wangapi, walikufanya nini, rudia kidogo sauti haikutoka." Tunasema ni ushahidi. Saa zingine ni kweli ushahidi unahitajika. Lakini OMS inasema wazi: kumlazimisha mtu asimulie tukio siku za kwanza hakumsaidii. Kusimulia kunaponya kukiwa na mtu aliyefundishwa, mahali salama, kwa muda wa kutosha, na mhusika akiwa amekubali. Kumchimba mtu kisha unapanda motari unaenda, ni kumfungua kidonda na kumuacha nacho wazi.

Na vidonge. Huku kwetu mtu halali, anaenda kwenye duka la dawa, anapewa diazepamu bila karatasi ya daktari. Zinalaza, ndiyo. Lakini hazitibu trauma, na mwili unazizoea haraka mpaka huwezi kuziacha. Pombe ni hivyo hivyo. Kuna dawa nyingine ambazo daktari anaweza kuandika na zinasaidia baadhi ya watu, lakini hiyo ni kazi ya daktari.

Kuhusu maombi, sitaki wapasta wanikasirikie. Kanisa linaloimba na wewe, linalokuletea sombe wakati huwezi kupika, hilo linaponya, juu ni watu karibu nawe. Lakini kumwambia kijana aliyeona shangazi yake anakufa kwamba ana pepo, kumnyima chakula siku tatu, hiyo inaongeza kidonda juu ya kidonda. Ombeni, na mumpeleke kwa muuguzi. Haya mawili hayapigani.

Basi tufanye nini kesho asubuhi?

Mtu akishikwa mbele yako kama mwenzetu alivyoshikwa sokoni, usicheke na usichukue video. Simama mbele yake, si nyuma. Sema polepole: "Ni mimi fulani. Tuko Mulongwe, sokoni. Leo ni Ijumaa. Ilikuwa pikipiki." Mwambie akanyage chini aone udongo, ashike kitu, ahesabu vitu anavyoviona. Mpe maji. Usimuulize alikumbuka nini. Baadaye mtembelee, hata kama hamtaongea, mule bugali pamoja, inatosha.

Mtu akikuambia hataki tena kuishi, usimuache peke yake hata dakika moja. Ita ndugu, mwende pamoja kituo cha afya usiku huo huo.

Mtu akibakwa, mwanamke ao mwanaume, jambo la kwanza ni kituo cha afya kabla ya masaa 72 kupita. Kuna dawa za kuzuia SIDA zinazofanya kazi ndani ya masaa hayo tu. Akichelewa, aende vile vile, bado kuna musaada. Hadithi itangoja, dawa haingoji.

Na kama dalili zimepita mwezi, uliza kwenye kituo cha afya chako kama kuna APS. Najua wachache wapo, na ufadhili ukiisha wanaondoka. Wagonjwa wagumu tulikuwa tunawapeleka Bukavu, kwenye kituo cha akili cha SOSAME ao Panzi kwa daktari Mukwege. Leo mstari wa vita unakata ile barabara. Wengine wanavuka mpaka mpaka Bujumbura, kwenye hospitali ya akili ya Kamenge, lakini nauli, karatasi za mpaka, ni wangapi wanaweza?

Hapo ndipo inakuwa kazi yetu kama raia. Viongozi wa jimbo, tangu Bukavu ianguke, wako hapa Uvira, hatuhitaji kusafiri kuwatafuta. Tutawapelekea mambo matatu.

1. Kila kituo cha afya cha mji wetu kiwe na angalau muuguzi mmoja aliyefundishwa kutambua na kutunza trauma. OMS iko na programu ya kufundisha wauguzi wa kawaida tangu 2008, inaitwa mhGAP. Hatuombi kila kartie ipate profesa.

2. Ma-APS walipwe na waendelee hata kama mfadhili ameondoka. Huwezi kuanza kumtibu mtu mikutano minne kati ya 12 kisha unamuambia mradi umeisha.

3. Kambi za waliohama na shule zisisahauliwe. Walimu wafundishwe kutambua mtoto mwenye kidonda kabla hawajamchapa juu ya "usumbufu."

Na sisi wenyewe ndani ya harakati tumeamua: hakuna video ya mtu aliyeanguka itakayopita tena kwenye makundi yetu. Hakuna ushahidi utakaochukuliwa bila mtu wa kumfuata mhusika kisha yake. Mwanaharakati akipotea wiki mbili, wawili wetu wanaenda kwake, bila simu mkononi.

Namalizia na mwenzetu. Amekutana na APS mara tano mpaka sasa. Sitawadanganya kwamba amepona. Usiku mwingine bado ni mgumu. Lakini wiki iliyopita alilala mpaka saa kumi na moja asubuhi, na mama yake alikuja kuniambia kama mtu aliyepata habari ya mtoto kufaulu mtihani. Nilienda kwake kuomba msamaha, peke yetu wawili, kabla ya kuuomba hapa mbele yenu. Aliniambia: "Vile vichwa vya kucheka vilikuwa vitatu, nilivihesabu." Hakuongeza kitu, na mimi sikuwa na kitu cha kusema.

Amesema atajaribu kurudi kwenye mkutano wa Jumamosi. Kile kiti cha karibu na mlango, naomba mtu asikikalie. Na mkimuona, msimpige mabega kwa nyuma.